Barua ya wazi kwa wenye dhamana: baruti inatengenezwa majumbani mwetu, nyie mnaitafuta baharini

KWA: Waheshimiwa mnaosimamia uvuvi, baruti, afya na usalama wa raia, kuanzia wilayani, mkoani mpaka wizarani

YAH: BARUTI ZA KIENYEJI ZINAZOTENGENEZWA NDANI YA NYUMBA ZA WATU

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Assalam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na wazee wangu wote shikamooni.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu wa kemia wa sekondari, nafundisha kijiji cha wavuvi huku pwani ya kusini mwa Tanzania, kijiji sikitaji jina na sababu nimeieleza huko chini kwenye namba 5. Naandika hadharani kwa sababu njia za ndani zimeshaisha. Tulianza na serikali ya kijiji, tukaenda kwa mtendaji wa kata, tukapeleka barua wilayani ikagongwa muhuri wa imepokelewa, tukafuatilia, tukaambiwa faili lipo kwa afisa fulani, yule afisa akahamishwa, aliyekuja anasema hajakabidhiwa kitu. Mara ya mwisho nikaambiwa mwalimu wewe fundisha, mambo ya baruti yana watu wake. Sasa kama yana watu wake basi barua hii ni yao, popote walipo.

Jambo lenyewe ni hili. Nchi hii ina historia ndefu ya kupambana na wapiga baruti baharini, yaani wanaovua samaki kwa milipuko, sheria ya uvuvi imekataza tangu mwaka 1970, ikaja Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 ikakataza tena kwa ukali zaidi. Mwaka 2015 watafiti walizunguka ukanda wetu wote wa pwani na vifaa vya kusikiliza sauti chini ya maji, wakasikia milio zaidi ya 300 kwa muda wa mwezi mmoja tu, na zaidi ya nusu ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Mwaka huohuo kikaundwa kikosi kazi cha vyombo mbalimbali, kazi ikaonekana na milio ikapungua sana, hilo nawapongeza kwa dhati kabisa kwa sababu sisi tunaoishi huku tulilisikia kwa masikio yetu. Lakini kila operesheni inaangalia boti, inaangalia samaki, inaangalia matumbawe. Nyumba haiangaliwi. Na huku kwetu, vile vifaa vya kiwandani vilipokuwa vigumu kupatikana, watu hawakuacha, walihamia kujitengenezea wenyewe. Kwahiyo mlio umepungua baharini ila hatari imehamia uvunguni mwa kitanda.

Hoja zetu ni hizi.

1. BARUTI INALALA NA FAMILIA

Hii ndo kubwa kuliko zote na nitakaa hapa kidogo, mnivumilie.

Nyumba zetu mnazijua. Udongo na makuti, au tofali na bati kwa aliyejaliwa, vyumba viwili vitatu, watoto wanalala pamoja, jiko la mkaa lipo mlangoni au mafiga yapo uani hatua chache, umeme ukikatika tunawasha kibatari au tochi ya simu. Ndani ya nyumba hiyohiyo kuna kijana anachanganya vitu usiku ili mama asijue, au mama anajua na ananyamaza kwa sababu ndo kula yao. Anaficha kwenye ndoo ya unga, anaficha juu ya dari karibu na bati ambalo saa saba mchana huwezi kuligusa kwa mkono, anaficha chini ya kitanda anacholala mdogo wake.

Naomba niseme kama mwalimu wa somo. Moto wa kuni ukiufunika kwa mchanga au blanketi lililoloa unakufa kwa sababu umeunyima hewa. Baruti haisubiri hewa ya nje, ile hewa inayohitaji kuungua imeshafungwa ndani ya mchanganyiko wenyewe, ndo maana ikishashika hakuna kuifunika, hakuna kuikimbilia na ndoo, inamaliza kabla mtu hajageuza shingo. Na haihitaji kiberiti kushika. Msuguano tu unatosha, cheche ya chuma kwa chuma inatosha, joto linatosha, hata ule umeme mdogo unaotokea mtu anapovua shati la nailoni siku za ukavu unaweza ukatosha kwa baadhi ya michanganyiko. Vumbi lake linakaa kwenye sakafu, kwenye kanga, kwenye kucha. Na hii ya kienyeji ni mbaya zaidi kwa sababu hakuna anayejua kilichomo, vitu vya dukani vina uchafu wake, vimekaa na unyevu wa bahari, vimechanganywa kwa kukadiria, leo inawaka taratibu kesho hiyohiyo inaruka mkononi. Kijana anakwambia mimi nimefanya mara nyingi sijawahi pata shida. Ndo hivyo, mara nyingi haimfundishi kitu, maana kila mara ni mchanganyiko mwingine.

Watu waliofanya kazi hii kwa leseni na kwa elimu walijua nini? Kule Marekani, jimbo la Delaware, familia ya du Pont walijenga kiwanda cha baruti mwaka 1802 kando ya mto Brandywine. Vile vyumba vya kusagia walivijenga na kuta nene za mawe pande tatu, upande wa nne unaotazama mto wakauacha mwepesi na paa jepesi, makusudi, ili kikilipuka moto utokee mtoni badala ya kuwarudia wafanyakazi wengine. Yaani mjenzi alishakubali kuwa kitalipuka, alichopanga ni kilipukie wapi. Na pamoja na hayo yote mwaka 1818 kililipuka kikaua watu zaidi ya 30. Alfred Nobel mnamjua wote kwa ajili ya tuzo, alikuwa mkemia hasa, na mwaka 1864 karakana yao pale Stockholm ililipuka ikaua watu akiwemo mdogo wake Emil. Baada ya hapo wakuu wa mji wakakataza kazi hiyo ndani ya mji, Nobel akahamia kufanyia majaribio juu ya jahazi ziwani mbali na makazi ya watu. Naomba hapo mpaangalie vizuri, wale viongozi wa Stockholm hawakusema tunasubiri bajeti, walisema hii kitu isiwe karibu na watu.

Na tusiende mbali. Mbagala tarehe 29 Aprili 2009, Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011. Yale yalikuwa maghala ya jeshi, yana walinzi, yana wataalamu, yana uzio, na bado yalilipuka, makumi ya watu wakapoteza maisha na maelfu wakakimbia nyumba zao. Kama ghala la jeshi linaweza kutokewa na hilo, chumba cha kijana aliyeishia form two kitalindwa na nini?

Na utambi ni stori nyingine. Wachimba migodi wa Uingereza walikuwa wanakatika mikono na kufa kwa tambi za kujitengenezea zisizotabirika, mpaka mwaka 1831 William Bickford akagundua utambi wa usalama unaoungua kwa kasi inayojulikana, ndo vifo vikapungua. Huku kwetu vijana wamerudi nyuma ya 1831. Utambi hauna kipimo, unaweza ukasinzia ukaamka ghafla, mtu bado ameshika chupa mkononi.

2. WANAOUMIA WANAFICHWA

Waheshimiwa, kwenye daftari la zahanati mtakuta kijana ameungua kwa mafuta ya taa, au ameungua na uji, au mtungi wa gesi. Sisi majirani tunajua ni nini. Hospitali hawaendi kwa sababu ya PF3, ile fomu ya polisi inayotakiwa kabla ya matibabu. Mtu akifika ameungua uso au amepoteza vidole, swali la kwanza ni imetokeaje, la pili ni umepita polisi. Familia inaogopa kwamba mgonjwa atatoka wodini kwenda rumande, kwahiyo wanamfungia ndani, wanampaka dawa ya meno, wanampaka asali, wanampaka mafuta ya nazi, kidonda kinaoza. Kuna kijana nilimfundisha mimi mwenyewe, mtoto mpole na hesabu anazijua, alifichwa hivyo ndani mpaka harufu ikawashinda majirani. Mkono ulikatwa juu ya kiwiko. Waliompokea walisema angewahi pengine angebaki na kiganja.

Viongozi wameshatamka kwamba mgonjwa wa dharura atibiwe kwanza karatasi zifuate. Sawa, lakini hilo tamko halijafika huku. Halijabandikwa ukutani zahanati, mlinzi wa getini halijui, mama mwenye mtoto anayeungua halijui. Na hata angelijua bado angeogopa, maana hakuna aliyemhakikishia kwamba nesi hatapiga simu.

Wakati tunasubiri, kwa yeyote anayesoma hapa: kidonda cha moto kimwagie maji safi ya baridi ya kawaida, yasiwe ya barafu, yatiririke angalau dakika 20, vua pete na bangili kabla mkono haujavimba, usipake chochote, funika na kitambaa kisafi, kimbiza hospitali. Kama jicho limepata kitu usilisugue wala usikitoe. Kama mtu alikuwa karibu na mlipuko halafu masikio yanavuma au kifua kinabana, hata kama nje hana jeraha, huyo naye apelekwe, maana mshindo unaumiza mapafu na ngoma za masikio bila kuchana ngozi.

3. WATOTO NA SIMU

Zamani hii ilikuwa siri ya watu wachache wazima. Sasa hivi mtoto wa darasa la sita ana klipu kwenye simu ya kaka yake. Sikukuu zikikaribia, Idi, Krismasi, mwaka mpya, wanatengeneza vimilipuko vyao wenyewe vya kuchezea, wanaviita fataki, wanashindana nani kikubwa. Mimi darasani naulizwa maswali na mtoto ambayo najua kabisa hayajatoka kwenye kitabu. Nikimfokea atanyamaza na ataenda kuuliza pengine, nikimweleza kwa utulivu kwanini kitu hiki kinakata vidole ananisikiliza, huo ndo uzoefu wangu. Lakini hakuna mwongozo wowote tuliopewa walimu, kila mtu anafanya kivyake, wengine wanaogopa hata kutaja hilo neno darasani wasije kuambiwa wanafundisha ugaidi.

Maabara zetu nazo jamani. Shule nyingi za kata kemikali ziko kwenye kabati la mbao, kufuli la elfu tano. Hapa kwetu tuliomba kabati la chuma, bado tunasubiri.

4. KIJANA ANAKATIKA MKONO, TAJIRI HATAJWI

Kila akikamatwa mtu ni yuleyule, kijana wa miaka ishirini, kaptula moja, hana hata chombo. Boti si yake, mashine si yake, hela ya kununulia vitu si yake. Yupo tajiri anayetoa mtaji na kuchukua samaki asubuhi kwa bei anayoitaka yeye. Kijana anatengeneza nyumbani kwao kwa sababu tajiri hawezi kukubali kitu kile kikae nyumbani kwake, yeye anajua hatari, ana watoto wake. Hapo ndipo ninapopata hasira kweli, kwamba hatari imegawanywa hivyo, faida kwake na mlipuko kwa mama wa watu.

Na samaki wa baruti anajulikana. Mkimpasua mnaona damu imevia karibu na uti wa mgongo, mifupa ya ndani imevunjika, nyama imelegea, kibofu cha hewa kimepasuka. Afisa uvuvi yeyote aliyefundishwa anajua, wachuuzi wazoefu wanajua kwa kumbonyeza tu. Wanapita mnadani, wanapakiwa kwenye barafu, wanafika sokoni mjini, njia nzima hakuna aliyempasua hata mmoja. Na huyo anayefika sokoni ni sehemu tu ya waliokufa, wengi wanazama wanaozea chini, pamoja na vichanga na matumbawe ambayo mengine hayakui hata sentimita mbili kwa mwaka. Tasi, changu, pono, wazee wanatusimulia walivyokuwa wanawapata kwa dema karibu na ufukwe. Ila hilo la bahari wenzangu wameliandika sana, leo naomba tubaki nyumbani.

5. ANAYETOA TAARIFA ANAUMBULIWA

Mnatuambia wananchi toeni ushirikiano. Mama mmoja hapa alitoa, alienda asubuhi kusema nyumba ya tatu kutoka kwake kuna kitu kinanuka na watoto wanakohoa, jioni kijiji kizima kilikuwa kinajua ni yeye, mpaka maneno aliyoyasema yalirudi kama yalivyo. Nyavu zake za dagaa zikachanwa. Hakuna aliyeulizwa jina lake lilitokaje ofisini. Sasa nyie mngekuwa yeye, mara ya pili mngeenda? Ndo maana sitaji kijiji, na siweki jina langu, ingawa wale niliowaandikia mwanzo wanalo na muhuri wao upo.

6. MAGOBORE

Kwa ufupi. Upande wa mashambani, wanaolinda mahindi na mihogo na nguruwe pori na ngedere, wapo wenye magobore, na baruti ya gobore nayo wanajisagia wenyewe, kwenye kinu hichohicho cha nyumbani. Tunaiacha kwa sababu ni ya mkulima na ni ya zamani, lakini inaunguza uso vilevile. Nao wahesabiwe humu.

Sasa najua mtakachojibu, kwa sababu nimeshajibiwa.

Mtasema tatizo hili limeshakwisha, takwimu zinaonyesha milio imepungua. Ni kweli imepungua na nimeshawapongeza. Ila kifaa cha kusikiliza baharini hakisikii mtu anaposaga kitu chumbani. Kipimo chenu kinapima mwisho wa safari, sisi tunaishi mwanzo wa safari.

Mtasema hakuna mafuta ya boti ya doria. Hatujaomba boti. Kila ninachokiomba humu kinafanyika nchi kavu, kwa miguu, kingine kwa karatasi na gundi tu.

Mtasema wanajua hatari, wamejitakia. Huyu wa miaka ishirini tubishane. Yule mdogo wake wa miaka minne anayelala juu ya kile kitanda alijitakia nini? Bibi yake? Jirani ambaye makuti yake yamegusana na yao? Moto wa makuti ukishika upepo wa kusi unahama nyumba kwa nyumba na gari la zimamoto lililo karibu liko mbali kiasi kwamba namba 114 ukiipiga watapokea vizuri tu, lakini watafika majivu.

Mtasema sheria ipo ifuate mkondo wake. Ipo kweli, Sheria ya Baruti ya mwaka 1963, inataka leseni ya kutengeneza, leseni ya kutunza, stoo maalumu mbali na makazi. Ni sheria nzuri, iliandikwa na watu waliojua kitu hiki hakikai na watu. Ila ofisi zinazoisimamia akili yao ipo migodini, ofisi za uvuvi zinasema sisi ni samaki, polisi wanasema tuleteeni ushahidi, afya wanasema tunatibu tu. Nyumba yenye baruti ndani imekaa katikati ya ofisi nne na haina mwenyewe.

Kwa hiyo tunaomba haya, na tumeyapunguza makusudi yawe yanawezekana.

Kwanza kabisa tunaomba muda wa kusalimisha bila kushtakiwa, kama ilivyowahi kufanyika kwa silaha haramu. Tangazeni mwezi mmoja au miwili, mtu aseme kwangu kipo, aje mtaalamu wa mabomu akichukue, mtu abaki salama. Nasisitiza mtaalamu aje, mtu asiambiwe akibebe mwenyewe kwenye bodaboda mpaka kituoni, hiyo itakuwa mauaji. Sasa hivi anayetaka kuacha hana pa kupeleka, anamwaga chooni, anazika uwanja wanapocheza watoto, anatupa kisimani. Wapo wanaotaka kuacha, nawajua, wananiuliza mimi mwalimu nifanyeje na mimi sina jibu la kuwapa zaidi ya kuwaambia wasikiguse, wawatoe watoto humo ndani, wasiwashe moto karibu.

Pili, PF3. Andikeni waraka mfupi wa Kiswahili chepesi, ubandikwe kila zahanati na kituo cha afya pwani yote, kwamba aliyeungua au kulipukiwa anatibiwa kwanza, na kwamba aliyemleta hatakamatwa kwa kumleta. Hii haina gharama. Kama mtafanya moja tu katika haya fanyeni hili, litaokoa mikono na macho kuanzia wiki hiyohiyo.

Tatu, namba ya simu ya taarifa isiyopita kwenye ofisi ya kijiji wala kata, ipokelewe mbali na huku, na jina la mtoa taarifa likivuja mtu awajibike.

Nne, wapasueni samaki mnadani na sokoni, kisha mfuate tajiri kwa njia ya samaki wake. Wanaouza vile vitu kwa wingi kwa mtu asiye na shamba wala mgodi nao waulizwe wanamuuzia nani na kwa kazi gani.

Tano, sisi walimu tupeni nafasi na mwongozo. Zimamoto na Uokoaji waje shuleni hata mara moja kwa mwaka, wazungumze na watoto na wazazi wao, na waje kabla ya sikukuu. Wako watu wazima waliopoteza mikono na macho ambao wako tayari kusimama mbele ya watoto kusema, nimeongea nao, wanachotaka ni kuhakikishiwa tu kwamba wakisema hawatafunguliwa kesi ya mambo ya zamani.

Sita, ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, ifike ufukweni. Vikundi vya vijana wa mtama na alizeti wanapata, vikundi vya nyavu na mashine za boti wanaambiwa bahari haina dhamana. Na hawa waliokatika mikono wanaingia kabisa kwenye ile mbili ya ulemavu, lakini wanaogopa kwenda kujiandikisha kwa sababu wataulizwa ulemavu ulitokana na nini. Muwaambie hawataulizwa.

Tunaomba majibu kabla maleleji hayajaingia, kwa sababu bahari ikitulia ndo kazi hii inapamba moto na ndo nyumba zinajaa. Majibu yaje kwa maandishi au kwa mkutano wa hadhara, vyote tunapokea. Mkichagua mkutano, uwanja wa shule upo na kivuli cha miembe kipo, nitaongea na mkuu wa shule mimi mwenyewe, akina mama wamesema watapika. Mje na mtu wa afya, mtu wa polisi, mtu wa uvuvi na mtu wa baruti siku moja, mkae meza moja, ili anayeuliza asiambiwe tena kwamba hilo ni la ofisi nyingine.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa kemia
Pwani ya kusini, Tanzania

Nakala:
Serikali ya kijiji
Mtendaji wa kata
BMU ya kijiji (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe)
Imamu wa msikiti na mchungaji wa kanisa, watusomee Ijumaa na Jumapili